Programu Iliyofundishwa Adabu

Anyitike alikuwa anaoa Jumamosi huko kwao Tukuyu, na hadi Jumatatu ya wiki hiyo hakuwa na ruhusa ya kuondoka Dodoma. Kikwazo hakikuwa wakwe. Kilikuwa programu.

Ofisi yetu, ambayo jina lake tuliache, hufunga taarifa za watu kwa programu ya kusimba siri, ile ambayo wataalamu wa dunia nzima huitengeneza hadharani na kuigawa bure. Sisi ya bure haikututosha. Zamani tulichukua nakala yetu tukaibadilisha, na tangu hapo wenyewe wakiziba tundu la kiusalama kwenye ya kwao, lazima mtu akae alizibe na kwenye ya kwetu, kwa mkono. Mtu huyo ni Anyitike, aliyeirithi kazi bila kuambiwa tulibadilisha nini. Hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Akitokea kwenye korido akitafuta wa kumkabidhi, watu wazima na shahada zao walikumbuka ghafla kuwa hawajanywa chai.

"Huwezi kwenda likizo bila kukabidhi," alisema mkuu wetu, Bi. Lydia. "Kwani bibi harusi hawezi kuja huku?"

Kwa hasira Anyitike akalinganisha nakala yetu na ya wenyewe, mstari kwa mstari. Tofauti ilikuwa moja tu. Ukikosea nywila, ya wenyewe husema: "Si sahihi." Ya kwetu husema: "Samahani sana, mheshimiwa, tunaomba ujaribu tena." Basi. Kwa samahani hiyo kijana wa watu alikuwa anaelekea kukosa mke.

Alipopendekeza turudi kwenye ya wenyewe, Bi. Lydia alishtuka. Agizo la kuweka samahani ile lilitoka kwa Mzee Sostenes, mkurugenzi aliyestaafu, na agizo la mkubwa halifutwi kimyakimya kana kwamba amekufa. Aende kwanza akamwombe.

Akaenda Chamwino, akamkuta Mzee katikati ya zabibu zake, mkasi mkononi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo mmenikumbuka?"

Anyitike akaeleza yote. Mzee akageuza ndoo, akaikalia.

"Mimi nilisema kwenye kikao kwamba wanaokosea nywila wanajibiwa vibaya, na hilo lirekebishwe. Nilikuwa namsema Msafiri wa mapokezi. Anafokea watu yule."

"Sasa mbona hakuna aliyekuuliza, Mzee?"

"Nilikuwa mkurugenzi. Nani angeniuliza?"

Alhamisi programu ya wenyewe ikarudishwa, na kwa kuwa hapakuwa tena na cha kukabidhi, ruhusa ikatoka. Anyitike akapanda basi la Mbeya. Nilimfurahia kwa dhati, na wivu kidogo haukukosekana.

Jumatatu iliyofuata mama mmoja kutoka Area D alikosea nywila yake, mashine ikamwambia si sahihi, akaja mapokezi kuuliza. Msafiri, ambaye miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkanya, akamfokea hadi sisi wa ghorofani tukasikia.

Kwenye kikao Bi. Lydia alikunja uso. "Hii lugha kali kwa wanaokosea nywila ishughulikiwe," akasema.

Sote tukainamisha vichwa tukaandika: programu. Hakuna aliyeuliza. Kisha tukageukia kiti cha Anyitike, tukakikuta kitupu. Mwenyewe yuko Tukuyu na mkewe, na simu ameizima.