Kitambaa cha Shangazi Furaha

Juzi binti yangu alirudi kutoka mpirani na kitambaa cheupe cha kapiteni mkononi, nami nikasikia tena harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokuwa wakianikwa kando ya uwanja wetu, Kalemie.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, Shangazi Furaha na wenzake kumi walikaa chini katikati ya uwanja. Wanaume walikuwa wamewanyima nafasi msimu mzima, wakisema mpira si wa wanawake. Filimbi ililia, ikalia tena, na hakuna aliyeinuka. Mimi niliona tu kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wa shangazi, nikadhani ameumia. Nikamkimbilia na chupa ya maji nimwoshe kidonda.

“Inakuuma, Shangazi?”

Mwamuzi alikuja akasimama mbele yetu. “Mama, ondosha mutoto. Watu wanataka kucheza.”

“Na sisi njo watu,” shangazi alimwambia. Kisha akanigeukia. “Inauma sana, mwanangu. Kaa.”

Nikakaa. Jua lilipofika kwenye vilima wanaume walichoka, wakaenda zao, na shangazi akaomba mpira.

Kitambaa cha binti yangu nilikifungua mwenyewe ili nikifue. Kabla ya kukiloweka, niliutazama mkono wake nione kama una kidonda.