Siku Nyanya Alipoingia Uwanjani

Kila uwanja wa mpira una harufu yake, na Baba alizijua zote. Uwanja wa Tanga, alisema, ulinukia chumvi na nyasi zilizokatwa jana. Wa Moshi ulinukia udongo uliolowa. Na ule wa karibu na kwetu Dar es Salaam ulinukia rangi na mahindi ya kuchoma. Baba alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi, na likizo zake hakuzitumia kupumzika. Alizitumia kuzunguka miji kutazama viwanja. Tukishuka katika mji wowote, kabla hatujamwamkia hata mwenyeji wetu, tulikwenda kwanza uwanjani. Baba alimbembeleza mlinzi afungue lango, akavua viatu, akatembea pekupeku kutoka goli moja hadi jingine, kisha akakaa kila upande wa jukwaa dakika chache, akitazama uwanja mtupu kana kwamba mechi inaendelea. Mama, aliyekuwa muuguzi na asiyejua tofauti ya kona na penalti, alizoea kutuambia kwamba mume wake akifa tumzike kwenye duara la kati.

Desemba ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza likizo ya Baba ilinivusha mpaka wa nchi. Mama alibaki kazini. Tukaenda wawili, mimi na yeye, hadi Mombasa alikozaliwa na ambako hakuwa amerudi kwa miaka mingi isipokuwa kwa mazishi ya babu. Tulifika asubuhi, jua likiwa tayari limepanda. Nyumbani kwa Nyanya, Mji wa Kale, si mbali, lakini Baba alikatia upande wa mtaa wa Majengo na begi begani, nami nikamfuata mbio nikiwa na njaa. Uwanja wenyewe ulinivunja moyo. Ulikuwa na jukwaa moja lenye paa la bati, ngazi za saruji upande wa pili, na ukuta uliochorwa majina ya watoto. Mzee mmoja alikuwa akimwaga chokaa kwenye mistari kwa kopo lililotobolewa. Baba alivua viatu kama kawaida yake, lakini safari hii hakutembea. Alisimama tu kwenye kona. "Hapa nimecheza miaka sita," aliniambia. "Jezi namba kumi."

Nyanya aliishi ghorofa ya pili ya nyumba yenye ngazi nyembamba, zenye giza hata mchana. Alikaa kwenye kitanda cha kamba kando ya dirisha, redio ndogo mapajani, mashungi mawili ya nywele nyeupe yakitokeza chini ya mtandio. Presha ya macho ilikuwa imemla kidogo kidogo. Aliona mwanga na kivuli, akamtambua mtu kwa namna anavyokanyaga sakafu. Baba alipoinama kumbusu mkono, Nyanya alivuta pumzi akacheka. "Umepita uwanjani kwanza. Wanuka chokaa." Shangazi Mwanaisha, dada mkubwa wa Baba aliyekuwa akimtunza, alikunja uso pale pale, kwani alikuwa ameandaa mahamri na mbaazi tangu alfajiri, na yalikuwa yamepoa. Kisha Nyanya akanyoosha mkono upande wangu akasema, "Ndoo." Nilishuka mbio hadi uani nikamletea ndoo. Kicheko cha Nyanya kilisikika hadi nyumba ya pili. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kwa Kimvita "ndoo" ni njoo, na kwa siku zote zilizobaki akitaka nimkaribie aliniita hivyo makusudi, akingoja kuona kama nitaleta chombo.

Nyanya alikuwa hajashuka ngazi zile kwa miaka miwili, tangu alipoteleza akavunjika nyonga, isipokuwa siku za kwenda hospitali. Dunia yake ilikuwa redio na dirisha. Mpira aliusikiliza wote, wa nchi hii na wa nchi za mbali ambazo majina ya miji yake aliyatamka kwa namna yake. Lakini mpira aliotaka zaidi haukuwa redioni. Ulikuwa chini ya dirisha, uchochoroni, ambako watoto wa mtaa walicheza kila alasiri kwa mpira wa plastiki uliobonyea. Alinikalisha kwenye kizingiti cha dirisha. "Nambia," alisema. Nikaanza: yule ana mpira, anampa mwenzake, anakimbia. Akanikatiza. "Nani ana mpira? U wapi mpira? Karibu na ukuta au karibu na mlango wa Bi Amina? Wasema wakimbia, wakimbilia wapi?" Nilijaribu tena. Alikuwa mwalimu mkali. Nikisema jambo baada ya kelele, alinigombeza kwamba kelele alizisikia mwenyewe, alichotaka ni kujua kabla. Kufikia siku ya nne niliweza kutazama uchochoro ule na kuusema kwa wakati mmoja, bila kumeza maneno, na Nyanya akawa anatikisa mguu wake mzima kila mtoto alipopiga shuti.

Siku hiyo ya nne alikuja Ami Kassim, rafiki wa Baba wa zamani. Alikuwa na duka la kanga Biashara Street, tumbo kubwa na sauti ya kuuza nguo, na zamani alikuwa beki nyuma ya Baba. Alisalimia mpaka salamu zikaisha, akanywa kahawa vikombe viwili, ndipo akasema. Jumamosi kulikuwa na fainali ya vijana, Mji wa Kale na Majengo, na kabla yake wazee wa pande zote mbili wangecheza nusu saa kuchangamsha watu. Wazee wa Mji wa Kale walipungukiwa mtu mmoja. "Wa mbele," alisema, akimtazama Baba. Baba alicheka, akajipigapiga kitambi. Alikuwa na miaka arubaini na sita, alisema, na amekuja kutazama viwanja, si kufia ndani yake.

Nyanya akazima redio. Nilikuwa sijamwona akiizima wakati mpira unatangazwa, na chumba kizima kikanyamaza pamoja nayo. "Miaka sita umeteza pale," alimwambia Baba, "nami nalikuwa hapa hapa. Babako hakupenda wanawake waende, na mimi sikubishana naye. Nalisikia kelele zikija na upepo. Kila Jumamosi. Sikujua ni zako au za mwenzako. Ukirudi nakuuliza, wewe wasema, 'Tumeshinda, Mama,' kisha waketi kula." Aliisukuma redio kando. "Sijakuona ukiteza hata siku moja. Sasa mato yenyewe ndiyo haya. Lakini mtoto huyu aona, na kusema ajua. Ukiteza Jumamosi, nami nakuja."

Shangazi Mwanaisha aliweka birika chini kwa kishindo. "Mama, ngazi hizo zitakuua. Na joto lile, na wahuni wale! Watu watasema nimekuchoka, nimekutoa nikakutupe kwenye jua." Hakuwa mtu mbaya, shangazi yangu. Usiku wa ile ajali ndiye aliyempata mamake chini ya ngazi, na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana. Lakini Nyanya alimjibu kwa upole tu kwamba watu walikuwa wakisema tangu azaliwe, na bado hajamwona aliyekufa kwa hilo. Shangazi akatoka chumbani. Baba alimfuata jikoni. Walikaa huko muda mrefu, na sikusikia walichozungumza. Shangazi aliporudi, macho yalikuwa mekundu. "Tutachukua mwavuli," alisema.

Siku tatu zilizofuata Baba alikimbia kila alfajiri kwenye barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, mimi nikikimbia kando yake. Wanawake waliokuwa wakitembea kwa afya walimpita wakimwombea Mungu. Viatu aliazima kwa mwana wa Ami Kassim, vikambana vidole. Alikuwa anaogopa, nami nililiona hilo waziwazi, ingawa sikuwa nimewahi kumwona Baba akiogopa. Jioni alikuwa akila mihogo ya kukaanga bila kuzungumza, akitazama meli zikiingia Kilindini, na mara moja aliniuliza, kama mtoto anavyomuuliza mwenzake, "Nikicheza vibaya, utamwambia?"

Jumamosi, baada ya alasiri, Baba na Ami Kassim walimkalisha Nyanya kwenye kiti cha mbao, wakamteremsha ngazi moja moja, Shangazi akitangulia kinyumenyume huku mikono ameitandaza, akisoma dua kwa sauti. "Taratibu!" alipiga kelele Nyanya. "Mimi si kabati." Alikuwa amevaa buibui yake nzuri na kujifukiza udi kama anayekwenda harusini. Tulipotokeza uchochoroni, majirani waliinuka barazani. "Masalkheri, Bi Zuhura! Safari ya wapi?" Naye akawajibu kila mmoja, kichwa juu, "Naenda mpirani." Hadi tunampandisha tuktuk, habari ilikuwa imetutangulia.

Uwanjani walitupisha safu ya mbele, chini ya bati. Kulikuwa na wanawake wachache mno. Nyanya aligusa saruji ya jukwaa kwa kiganja, akaisugua polepole, kisha akanishika mkono. Wazee waliingia na vicheko vikawaka, kwani jezi zilikuwa za vijana na vitambi vilikuwa vya wazee. Nikaanza kumwambia. Mpira uko kati. Ami Kassim anarudisha nyuma. Majengo wanakuja upande wa kulia, upande wa lango kubwa. Nyanya alifumba macho, akawa anasikiliza kwa uso mzima.

Baba alicheza vibaya. Dakika tano za kwanza hakugusa mpira, kisha akaugusa akanyang'anywa. Halafu ikaja krosi nzuri kutoka kushoto, ikampita beki, ikamfikia Baba peke yake mbele ya goli tupu. Alirusha mguu. Akaupiga upepo, akaanguka chali, miguu hewani, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Baba amepiga, kipa ameudaka."

Nyanya alifumbua macho. "Kipa amedaka, na watu wacheka?" Alinigeuzia uso, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Mwanangu, kelele za hapa nimezisikia miaka na miaka bila kujua maana yake. Leo nimebebwa kwa kiti nije nijue. Sinifiche." Machozi yalinitoka. Nikamwambia: goli lilikuwa tupu, Baba ameukosa mpira, ameanguka, wanamcheka yeye. Nyanya alitega sikio kuelekea uwanjani. Kisha akauliza, "Ameinuka?" Nikatazama. "Ameinuka. Anajifuta vumbi. Anarudi mbio kukaba." "Basi endelea," akasema. "Na usipunguze neno tena."

Tangu hapo nilisema yote. Nilisema kwa sauti, maana kelele zilikuwa zimezidi, na sikuona jinsi watu wa nyuma yetu walivyonyamaza. Mwanamume mmoja aliyezibwa na nguzo ya jukwaa aliniomba, "Ongeza sauti, binti, na sisi huku hatuoni." Nikaongeza. Majengo wakapata goli, nikalisema lilivyokuwa, zuri, kona ya juu. Wazee wa Mji wa Kale wakasawazisha kwa kichwa cha daktari mmoja wa meno. Zikabaki dakika chache. Ami Kassim aliunyang'anya mpira karibu na kibendera cha kona upande wetu, akainua kichwa, akapiga pasi ndefu ya kukata uwanja.

"Baba ameupata," nilisema. "Yuko kulia, nje ya eneo la hatari. Beki mmoja mbele yake. Amesimama. Anamngoja. Amempiga chenga, kwa ndani, beki amekaa chini! Anaingia. Kipa anatoka. Baba hapigi kwa nguvu, anaunyanyua, mpira uko juu ya kipa, unashuka, unaingia, Nyanya, unaingia!"

Ndipo uwanja ukalipuka. Ulikuwa mlio wa bati na miguu na makoo ya watu, na nikahisi mkono wa Nyanya ukikaza wangu hadi vidole vikauma. Alikuwa ameinua kidevu kuuelekea mlio huo. "Ni zake?" aliuliza. "Kelele hizi ni zake?"

"Ni zake, Nyanya. Zote ni zake."

Shangazi Mwanaisha alikuwa amesimama juu ya kiti chake, mwavuli umemwanguka, akipiga vigelegele. Filimbi ya mwisho ilipolia, Baba hakungoja kubebwa na wenzake. Alikuja moja kwa moja hadi jukwaani, akihema, kiatu kimoja kimechanika, akapiga magoti mbele ya mamake. Nyanya alimpapasa kichwa kilicholowa jasho. "Mara ya kwanza ulianguka," alisema. Baba akanitazama, nami nikamtazama. Kisha wote watatu tukacheka hadi watu wakatushangaa. Fainali ya vijana tuliitazama yote, nikaitangaza yote, na Mji wa Kale wakashinda mbili bila, nami nikabaki bila sauti siku mbili.

Nyanya alifariki miaka mitatu baadaye, kitandani pake, kwa utulivu. Mimi leo natangaza mpira redioni Dar es Salaam, na nimefanya kazi katika viwanja ambavyo Baba hutembea ndani yake akiwa mdomo wazi, vyenye taa kama mchana na viti vya kukunja. Uwanja ule wa Mombasa ungeingia mara tatu ndani ya kimoja kati ya hivyo. Siku hizi hakuna anayehitaji kukisia kelele zinazoletwa na upepo. Goli likifungwa popote, simu mfukoni inatetemeka kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Na wanawake wanaingia uwanjani kwa makundi, na watoto wao na chupa zao za chai, bila kumuaga mtu wala kujieleza kwa mtu. Hilo silibadilishi na chochote cha zamani.

Shangazi Mwanaisha sasa ana umri aliokuwa nao Nyanya wakati ule. Kila Jumamosi hukaa safu ya mbele na jirani zake watano, na marefa wa Mombasa wanamjua kwa sauti. Mechi ikimalizika hunipigia simu. Mimi huwa nimeshayajua matokeo, nimeshayaona kwenye skrini, pengine nimeshayasoma hewani. Namwambia bado sijasikia. Kisha nakaa chini, nafumba macho, naye ananisimulia mpira wote tangu mwanzo.