Kifo cha Tano cha Rejeta ya Hajja Zuina

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa mji wa Setif, walio hai na walioganda, kwamba rejeta ya ukutani ya Hajja Zuina, ghorofa ya tatu, ile inayopasha chumba joto kwa maji moto ya boila, imefariki dunia kwa mara ya tano msimu huu. Maziko yatasimamiwa na fundi Belkheir, mwenye goti moja zima.

Belkheir, miaka hamsini na minane, amekuwa akipasha nyumba za watu joto tangu ana nywele. Goti lake limepigwa mbele ya rejeta mara nyingi kuliko msikitini, na hilo atalijibu mwenyewe siku ya siku. Fundi hapa hana bango wala kadi, ana jina tu. Likishaoza mikahawani, akauze karanga.

Ndiyo maana alichoka kabla hajavuka kizingiti, alipomwona Azzedin, mwana mkubwa, kasimama mlangoni mikono kiunoni. Nyumba ni ya wana watatu, kila mmoja na ghorofa yake na mke wake. Mama yuko juu kabisa, karibu na Mungu na mbali na jiko.

"Ami Belkheir, uliosha matope ya mabombani, tukanyamaza. Ukatubania koki zetu ili maji moto yafike juu, mke wangu akalala na soksi, tukanyamaza. Ukaweka koki mpya, mara mbili. Mama bado anatetemeka! Leo ikikushinda, wallahi nitapita mikahawa yote niwaambie wewe ni fundi wa kuvunja."

"Boila inawaka?"

"Inanguruma kama mama mkwe wangu."

"Basi nipishe."

Akapanda, akigusa rejeta kila ghorofa. Zote moto. Huko juu, bomba lilikuwa moto mpaka kwenye koki, na rejeta yenyewe baridi kama pua ya mbwa. Hajja Zuina alikuwa kitini ndani ya mablanketi mawili, mashavu mekundu, anamenya chungwa.

"Karibu, mwanangu. Nakufa."

"Unakufa vizuri, Hajja."

Akalala kifudifudi, akang'oa kifuniko cha koki ndogo ya chini, pale maji yanapotoka kurudi kwenye boila. Wiki mbili zilizopita aliiacha wazi mizunguko miwili. Sasa ilikuwa imekazwa kabisa, na kichwani ina mikwaruzo mipya, myembamba. Akageuza shingo. Juu ya cherehani palikuwa na bisibisi ndogo.

"Hajja. Nani kaifunga hii?"

"Mimi mwanamke mzee, najua nini mambo ya vyuma?"

"Hajja Zuina."

Bibi akaweka chungwa mapajani. "Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ulilala hapo hapo ukaeleza kama profesa: hii ukiifunga, maji hayapiti."

"Nilikuwa najisemea!"

"Una sauti kubwa. Sasa sikiliza. Siku tisa ilizokuwa moto, aliyepanda ngazi hizi ni paka. Kila mmoja anadhani mwenzake kapanda. Ikipoa wanakuja wote watatu, wananigombania hapa mpaka adhana ya isha. Juzi Azzedin kaleta koti la marehemu baba yake, kanifunika kwa mkono wake. Unajua mara ya mwisho kunigusa bega ilikuwa lini?"

Belkheir hakujua, wala hakutaka kujua. Alitaka kulala. "Nikiiacha hivi, mwanao atanichafua mji mzima. Goti hili lina misimu minne tu ya kazi iliyobaki. Nitakula nini?"

Hajja akafikiri. "Chungwa?"

Akampa kipande. Belkheir akakila palepale sakafuni, kwa kuwa kuinuka kulihitaji mipango. Kisha akaifungua koki robo mzunguko tu. "Usije ukafa kweli," akasema. Akarudisha kifuniko.

Kwenye ngazi akakutana na wana wote watatu wanapanda. Mmoja kabeba sufuria ya chorba, supu ya moto, mmoja blanketi la tatu, na Azzedin kabeba mdomo wake.

"Enhe, ami? Bado baridi?"

"Bado."

"Ina ugonjwa gani basi?" akauliza kwa sauti ya kuwafikia majirani.

Lipo jibu ambalo hutolewa na mafundi wasiojua kitu, na kila mtu Setif analijua. Belkheir akashika ukuta, akashusha goti bovu ngazi moja.

"Hewa bombani," akasema.