Pale Chembe Inaposimama

Mwalimu Luqmani anafundisha fizikia mjini Morogoro. Darasa langu linapakana na lake, kwa hiyo namsikia. Chembe ya alfa inakwenda kasi kuelekea kiini cha atomu ya dhahabu. Vyote vina chaji chanya, vinasukumana. Chembe inapunguza mwendo, inasimama, halafu inarudi ilikotoka. Pale iliposimama ndipo karibu kabisa inapoweza kufika.

Mkewe alipofariki, binti yao Mwanahawa alichukuliwa na mjomba wake, akaishi naye kijijini Matombo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na Luqmani hakubisha. Mwaka huu binti amefaulu kidato cha nne, na mjomba ameamua asiendelee, abaki kumtunza bibi.

Jumamosi Luqmani alikwenda Matombo akiwa amefura kwa hasira. Mimi ningepiga meza, lakini mimi si Mluguru. Akakaribishwa vizuri, akapewa chai na ndizi za kuchemsha.

"Habari za mjini, shemeji?" mjomba akauliza.

"Nzuri tu," akajibu. Akamaliza chai, akaaga bila kutaja shule. Mwanahawa alimsindikiza mpaka mwisho wa migomba, kisha akageuka kurudi kwa bibi.

Jumatatu nikasikia mwanafunzi akimwuliza, "Mwalimu, tukiiongezea chembe nishati mara mbili?"

"Umbali wake na kiini unabaki nusu."

"Na tukizidi kuongeza, si utafika sifuri?"

Nikasikia Luqmani akiweka chaki chini.

"Umbali haufiki sifuri," akasema. "Kinachokuwa sifuri pale ni mwendo. Andikeni."