Siku Ibungile Walipoipamba Barabara

Gwalugano, Mama Lusajo kwa majirani zake, alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kumi na miwili kati ya hiyo aliipitisha kwenye mitaro. Baba yake alikuwa kibarua wa Idara ya Ujenzi, naye ndiye aliyemzoesha kutazama maji yanakoelekea kabla hayajafika. Sasa aliongoza kikundi cha akina mama saba waliopewa na serikali mkataba wa matengenezo ya kawaida: kufyeka kandokando na kuzibua mitaro katika kilomita sita, kutoka Ibungile, kijiji chao cha milimani, hadi barabara ya kwenda Itumba.

Kalavati halikuwa kazi yao. Lile la kijito cha Namisi lilikuwa limebomoka, na mvua ikikolea hakuna gari lililovuka. Masika yaliyopita mumewe, Anyelwisye, alivushwa hapo kwa machela akiwa anaumwa tumbo la kupasuliwa. Wabebaji waliteleza, wakamwangusha majini. Alipona, lakini tangu siku hiyo Gwalugano alitaka kitu kimoja tu: kalavati jipya.

Mwishoni mwa Oktoba habari ikaja kwamba mtaalamu kutoka wilayani atapita kukagua hali ya barabara, ili bajeti ya mwaka ujao ipangwe. Mwenyekiti wa kijiji, Yesaya, akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, siku hiyohiyo.

“Mgeni anakuja,” alisema. “Nani humpokea mgeni uwanja haujafagiwa?”

Hakuna aliyebisha. Hata Gwalugano aliona ni adabu. Kwa siku mbili kijiji kizima kilisomba mawe na changarawe. Pale Namisi yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia: magogo manane ya mkaratusi yakalazwa juu ya shimo, yakafuata majani ya migomba, kisha udongo ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Akarudi nyumbani mgongo unamuuma, na moyo umetulia.

Mtaalamu alikuwa kijana aitwaye Wilbard. Alikuja na pikapu, akavuka Namisi bila hata kupunguza mwendo, akasimama ng'ambo walikokusanyika watu. Akateremka na fomu yake, akaanza kuandika juu ya boneti.

“Hongereni sana,” alisema. “Zingekuwa zote kama hii, ningelala usingizi.”

Yesaya akatabasamu hadi magego yakaonekana. Gwalugano akasogea karibu na boneti.

“Umeandika nini, mwanangu?”

“Hali: wastani. Inapitika.”

“Na kalavati?”

“Mama, fedha ni kidogo na barabara ni nyingi. Za wastani zinabaki na matengenezo ya kawaida, kama hayo mnayofanya. Fedha ya ujenzi tunaipeleka kwenye sehemu korofi.”

Gwalugano aligeuka kukitazama kivuko. Kazi ya mikono yake mwenyewe ndiyo iliyolitoa kalavati kwenye fomu.

“Mwenyekiti, mwambie,” alinong'ona.

“Nimwambie nini? Kwamba tumemdanganya? Mama Lusajo, usituaibishe mbele ya mgeni!”

Gwalugano alichukua sururu kwa mwanamke mwenzake, akashuka hadi katikati ya kivuko, akaanza kuchimba.

“Huyu mama vipi?” Wilbard alishangaa. “Unaharibu barabara ya serikali!”

“Hii si ya serikali, ni ya kwangu. Nimeijenga juzi. Njoo uione ya serikali.”

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa Yesaya. Majani ya migomba yakatokeza, kisha magogo. Gwalugano akaita wenzake, wakayaondoa matatu. Chini yake kulikuwa na shimo la kumeza ng'ombe, na vipande vya kalavati la zamani vimelala ubavu.

Wilbard alichungulia. Akatazama pikapu yake, akatazama shimo.

“Mimi nimepita hapo juu?”

“Umepita, tena kwa kasi,” alisema Gwalugano. “Tusamehe. Tulikufagilia njia, hatukujua unakuja kutazama uchafu.”

Kijana akatoa tepu, akateremka shimoni na viatu vyake vizuri. Akapima, akapiga picha, akakata neno moja kwenye fomu na kuandika jingine juu yake.

“Siahidi kitu,” alisema alipopanda. “Wanaoamua ni wengi, na foleni ni ndefu.”

“Andika ulichokiona, basi.”

Wakayarudisha magogo ili gari livuke kwenda nyumbani. Mwanamke mmoja alipoanza kutupia udongo juu, Gwalugano akamshika mkono. Magogo yakaachwa wazi.

Kwa wiki kadhaa Yesaya alimsalimia kwa kichwa tu. Masika yakaja, magogo mawili yakaenda na maji, na mwalimu mmoja akavunjika kifundo cha mguu. Wapo waliosema lawama ni ya Gwalugano. Angeuacha udongo, magogo yangeshika. Huenda walisema kweli, naye hakubishana nao.

Mwezi Julai orodha ya kazi za mwaka mpya wa fedha ikabandikwa kwenye ofisi ya kata. Gwalugano alitembea saa mbili kwenda kuisoma. Ibungile ilikuwa mstari wa kumi na tisa, wa pili kutoka mwisho: kalavati moja, kijito cha Namisi. Aliusoma mstari huo mara tatu, kidole kikiwa juu ya karatasi, kisha akamuuliza mtendaji wa kata ni tarehe ngapi mkandarasi anaanza.