Maji Yaliyobadilika Bila Mtu Kuyagusa

Uwesu Rashidi ni fundi bomba wa Tabora mjini, kazi anayoifanya kwa miaka ishirini na mbili. Wenzake wakishabadilisha koki huenda zao. Yeye haondoki mpaka ajue kwa nini iliharibika.

Asubuhi moja aliitwa na Pelagia, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Mgeni kutoka Urambo alikuwa ametoka bafuni mbio na povu kichwani, akilalamika kwamba maji yamemuunguza.

"Mafundi wawili wamebadilisha shawa," Pelagia alisema. "Hita nayo ni mpya. Bado!"

Uwesu aliingia bafuni, akachanganya maji ya moto na ya baridi, akakinga mkono.

"Dada, nenda kavute maji ya choo."

Mara maji yakachoma, akarudisha mkono. Tangi la choo lilipojaa, yakapoa. Pelagia akafungua bomba la baridi jikoni. Yakachoma tena.

Uwesu akatabasamu. Maji baridi ya nyumba nzima yalishuka kutoka kwenye simtanki, tangi la plastiki lililo juu, kwa bomba moja jembamba, huku hita ikiwa na bomba lake. Yakichukuliwa chooni au jikoni, shawa inabaki na ya moto tu. Alikuwa anajifuta mikono shawa ikiwa bado wazi, mvuke ukaanza kupanda upya.

"Umefungua nini?"

"Sijagusa kitu! Nimesimama hapa mlangoni."

Akatoka nje, akalifuata bomba ukutani hadi nyuma ya nyumba. Huko alimkuta Bibi Apolinaria, mama mkwe wa Pelagia, akimwagilia mchicha kwa mpira.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Wewe ndiye unayeninyima maji?"

"Nani, mimi?"

"Kila siku maji ya mpira huu yanapungua ghafla, kisha yanarudi. Nimeutia viraka mara tatu, nikidhani umetoboka."

Uwesu akacheka mpaka akaegemea ukuta. Siku zote hizo bibi na wageni walikuwa wakinyang'anyana maji bila kujuana.

Kazi ilichukua siku mbili. Alishusha bomba nene kutoka kwenye simtanki kwa ajili ya hita na shawa tu. Choo, jikoni na bustani akavipa bomba lao.

Bibi Apolinaria hakukubali kuambiwa tu. Alikunja kitenge, akakinga mkono wake mwenyewe chini ya shawa, huku Pelagia akifungua kila koki ndani na nje. Maji yalipungua kidogo, lakini joto lilibaki lile lile.

"Mbona yamepungua na hayajachoma?" akauliza.

"Simtanki bado ni moja, bibi, lakini ya moto na ya baridi ya shawa sasa yanatoka bomba moja. Yakipungua, yanapungua pamoja."

Bibi akafikiri, mkono bado majini.

"Hebu nichoree."

Uwesu akaokota msumari, akachuchumaa uani na kuanza kuchora kwenye udongo. Chai aliyoletewa ilipoa, maswali ya bibi yakiendelea.