Kaliba ya Kulungu na Ufunguo Kwenye Leso

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu muweke kando. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo sitawapambia maneno. Nataka mjue jinsi nilivyojifunza habari za bunduki nikiwa mzee hivi, hapa Birmingham, mtaa wa Stechford, ambapo mnyama mkubwa kuliko wote ni mbwa wa jirani. Na mjue kitu nilichokifanya kwa mdomo wangu. Kama niliharibu au nilitengeneza, mpaka leo sijui.

Mwanangu wa mwisho anafanya kazi hospitalini. Anawasukuma wagonjwa kwenye vitanda, kutoka wodi hadi chumba cha upasuaji. Mke wake alikuwa nesi. Akaugua, akafa. Mimi nilikuwa nikiishi nao tayari, nikiwalea binti zao wawili. Baada ya mazishi mwanangu aliacha kuongea. Sisemi alipunguza, nasema aliacha. Alienda kazini, akarudi, akala kidogo, akapanda ngazi kwenda chumbani. Ukimuuliza, "Umeshindaje?" anakujibu, "Sawa, Mama." Hiyo sawa ilikaa kwetu mwaka mzima kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilimwambia aende kwa daktari. Akasema, "Daktari wa nini, Mama? Siumwi mahali." Nikamwita mchungaji. Mchungaji akaomba, akanywa chai, akaenda zake. Mwanangu akasema amina, akapanda ngazi.

Aliyemfungua mdomo ni mzee mmoja Mwingereza, aliyekuwa fundi wa lifti pale hospitalini kabla ya kustaafu. Huyo mzee huwinda kulungu kwenye shamba la rafiki yake, karibu na mpaka wa Wales. Nchi hii ina kulungu wengi hadi wanamaliza miti michanga, na serikali inakubali wapigwe, mradi mtu ana leseni. Siku moja ya Jumamosi akamchukua mwanangu watembee tu, aone. Mwanangu akarudi alasiri na tope hadi magotini, ameshika paja la nyama kwenye mfuko mweusi.

"Mama, tuliwaona saba," akasema. "Saba! Walisimama wakatukodolea macho kama watu wa kanisa wakimwona aliyechelewa."

Nilishika sinki. Sikuwa nimesikia sentensi ndefu hivyo kutoka kwake tangu tumzike mkewe. Nyama yenyewe haina mafuta hata kidogo. Niliichemsha kwanza kama ya mbuzi mzee, nikaikaanga na nyanya na dania. Wasichana walikunja nyuso. Baba yao alikula mara mbili.

Kuanzia hapo ikawa ni bunduki asubuhi na jioni. Kwa nchi hii huendi tu dukani ukanunua. Unajaza fomu ya polisi, na kwenye fomu unaandika unataka bunduki ya kaliba gani, yaani unene wa risasi yake, na ya kazi gani. Kwa hiyo lazima uchague kwanza. Na kuchagua ndiko kulikomrudisha mwanangu mezani.

Zile kaliba zina namba. Mimi nilizishika kichwani kama namba za nyimbo za kanisa. Kuna mbili-arobaini-na-tatu: risasi nyembamba, inaenda mbio, na haipigi bega sana. Hiyo inatosha kulungu yeyote wa hapa. Kuna tatu-sufuri-nane: nzito kidogo, watu wengi wanayo, risasi zake hupatikana kila mahali. Halafu kuna ile wanaiita magnum, mia-tatu, ambayo ukiipiga unajua umepiga, na bega lako linajua zaidi.

Magnum iliingia nyumbani kwetu kwa simu. Kaka yake mkubwa yuko Amerika, kwenye milima, na huko wanawinda elki. Elki ni kulungu aliyekua akawa kama ng'ombe, na pembe zake zinaweza kubeba nguo za familia nzima. Walikuwa wamekubaliana mwanangu aende huko msimu ujao wawinde pamoja, na mwanangu akataka bunduki moja ya kazi zote mbili, kulungu wa hapa na elki wa kule.

"Hiyo mbili-arobaini-na-tatu ni ya kufukuzia kunguru," mkubwa wake alisema, na sauti yake ikajaa jikoni. "Njoo na kitu cha wanaume."

"Bega litakalopigwa ni langu ama ni lako?" mwanangu akamjibu.

"Kwani siku hizi mnasukuma wagonjwa ama mnasukumwa nao?"

Akacheka. Mwanangu alicheka! Bega lake la kulia liliumia kazini alipomdaka mgonjwa aliyekuwa akianguka, na hadi leo hawezi kulilalia. Lakini alicheka.

Na mimi nikatia neno langu. Babangu alikuwa mbeba bunduki wa wageni waliokuja kuwinda kwetu Ukambani zamani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku. Alibeba bunduki za watu nusu ya maisha yake, na hakuwahi kupiga hata risasi moja. Alituambia habari ya mgeni mmoja aliyekuja na bunduki nene kama mchi. Ilimpiga teke siku ya kwanza, na tangu siku hiyo akawa anafumba macho kabla ya kuvuta. Alimjeruhi nyati tumboni. Babangu ndiye aliyemfuata nyati huyo kwenye vichaka siku mbili, siyo mgeni.

"Mnyama hajui ukubwa wa risasi," nikawaambia wote wawili. "Anajua mahali ilipoingia. Chukua ile usiyoiogopa. Na huyo elki, si ndugu yako ana bunduki zake huko? Akuazime."

Halafu mkubwa akasema, "Nani amempa Mama simu?"

Sasa niwaambie ukweli wangu. Mimi kaliba hazikunihusu. Niliosha vyombo nikitunga swali. "Hebu nieleze tena, kwa nini ile nyembamba inaenda mbio kuliko ile nene?" Mwanangu anachukua bahasha, anachora risasi, anachora baruti, anachora kulungu mwenye miguu kama ya meza. Nilikuwa nimeelewa tangu jana. Niliuliza ili aongee. Bahasha hizo ninazo zote, kwenye droo ya vijiko.

Mwishowe akaandika tatu-sufuri-nane kwenye fomu. Alisema inamtosha kulungu, elki pia ukimkaribia vizuri, na bega litavumilia.

Lakini kadiri alivyochangamka na bunduki, ndivyo mimi nilivyoiogopa. Mtu anaweza kuongea siku sita, siku ya saba akanyamaza tena. Na hiyo siku ya saba bunduki iko mle mle nyumbani. Niliogopa mwanangu angejigeuzia bunduki mwenyewe. Nimeandika. Haya.

Bibi wa jirani ni Singasinga, amezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni kile cha dukani kwa baba yake. Aliona fundi akiingiza kwetu kabati la chuma la kufungia bunduki, akaniita juu ya ua: "Mama! Bunduki ya nini hapa? Simba nakuja Stechford?"

"Anakuja kukutafuta wewe," nikamwambia. Akacheka akajishika mbavu. Mimi nilicheka nusu.

Kabati lilifungwa kwa misumari minene ukutani, chini ya ngazi. Lilikuja na funguo mbili. Mwanangu aliziweka mezani, na mimi nikachukua mmoja nikaufunga kwenye ncha ya leso yangu, pamoja na ufunguo wa mlango wa nyuma na vidonge vyangu vya presha. Kwetu mama ndiye anayeshika funguo. Mama yangu alishika ufunguo wa ghala, na baba, pamoja na ukali wake wote, alimwomba mbegu kama mtoto. Sijawahi kuishi kwenye nyumba yenye mlango nisioweza kuufungua.

"Mama, huo siruhusiwi kumpa mtu," mwanangu akasema.

"Mimi ni mtu? Mimi ni mama yako."

Akatabasamu, akauacha. Hakutaka kugombana na mimi kwa kitu kidogo. Kingekuwa kidogo kweli, ningeshukuru.

Polisi waliyemtuma kutukagua kabla ya kutoa leseni alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na nikampenda kwa hilo. Alikunywa chai yangu. Akamuuliza mwanangu atawinda wapi, na nani, kwa nini kaliba ile na siyo nyingine. Mwanangu alijibu kama mwalimu. Nilikaa pembeni nikijivuna, maana yale majibu tulikuwa tumeyapika pamoja mezani pale pale. Akafungua kabati, yule polisi akalitikisa, likakaa imara.

"Funguo ni ngapi?"

"Mbili."

"Wa pili uko wapi?"

Mwanangu akaniangalia. Na mimi, mbele ya serikali, nikasimama nikafungua fundo la leso. Niliutoa ufunguo nikaunyanyua juu, waone kwamba nyumba hii ina mwenyewe.

Yule polisi akaweka kikombe chini. Akaeleza taratibu, ili Kiingereza changu kimfuate: ufunguo ule hawezi kuushika mtu mwingine yeyote, hata mke, hata mama. Asiye na leseni hapaswi hata kujua unapowekwa. Nikamwambia sheria hiyo haijui nyumba yangu. Akatabasamu. Halafu akauliza, "Mama, kwa nini unataka kuushika wewe?"

Ningesema desturi. Na ingekuwa kweli. Angemwambia mwanangu auchukue ufunguo, angefunga faili, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliniangalia kama mtu aliye tayari kungoja. Kwa mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa ameningoja hivyo.

Nikasema, "Mke wake alipokufa alinyamaza mwaka mzima. Kuna siku nilikuwa napanda ngazi kusikiliza mlangoni kwake kama anapumua."

Treni ikapita nyuma ya nyumba, madirisha yakatetemeka kama kawaida. Mwanangu alikuwa akiangalia viganja vyake. Nikageuka, nikamwona mjukuu wangu mkubwa amekaa kwenye ngazi. Alikuwa amesikia yote, naye Kiswahili hajibu, lakini hayo nilikuwa nimeyasema kwa Kiingereza.

Polisi aliandika kidogo. Akanishukuru. Akamshukuru mwanangu, akavaa viatu.

Barua ilikuja baadaye: ombi limesimamishwa mpaka daktari aandike ripoti juu ya afya yake. Mwanangu aliisoma akiwa amesimama. Akaiingiza ndani ya lile kabati tupu, akalifunga. Halafu akaja jikoni akaweka funguo zote mbili mbele yangu, juu ya unga niliokuwa nachekecha.

"Shika, Mama. Hakuna kitu ndani."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mkubwa wake alipiga simu. "Mama, umemuuza mtoto wako kwa polisi?" Nikamwambia yeye yuko mbali, hakusikiliza mlangoni. Akasema, "Alikuwa ameanza kupona!" Hiyo ilikuwa kweli. Na yangu pia ilikuwa kweli. Bibi wa jirani nilimweleza juu ya ua, na safari hii hakucheka. "Mama, wewe nasema kweli," akaniambia. "Lakini kweli nakata mkono ya mwenyewe."

Na ile sawa ikarudi. Kazini, sahani, ngazi. Nilijaribu. "Hebu nikumbushe, tatu-sufuri-nane inafika mbali kiasi gani?"

"Sawa, Mama."

Hilo halikuwa swali la sawa. Nilibaki na namba zangu kichwani, mwanamke mzee ajuaye kaliba tatu na asiye na wa kumwambia. Miadi ya daktari imepangwa wiki ijayo. Barua yake imebandikwa kwenye friji. Kama ataenda, sijui. Siwezi kumbeba mgongoni kama zamani.

Jumapili iliyopita nilitoa kipande cha mwisho cha kulungu kwenye friza, nikapika na ugali. Tulianza kula. Halafu yule mjukuu mdogo, ambaye Kiswahili chake kinachechemea, akainua kichwa.

"Baba, elki nakufa na ile nyembamba?"

Baba yake alimwangalia. Akatafuna mpaka nikafikiri hatameza.

"Ukimpiga mahali pazuri atakufa," akasema. "Lakini haifai."

"Haifai kwa nini?"

"Kwa sababu ukikosea kidogo, anaenda mbali na maumivu yake, na huwezi kumpata." Akaweka tonge chini. "Ndiyo maana tatu-sufuri-nane. Inakusamehe kidogo."

Nilihesabu sentensi. Nilitaka kuuliza swali moja zaidi, nikaliacha. Akamaliza kula, akachukua sahani yake mwenyewe akaiosha, akapanda ngazi. Niliisikiliza miguu yake mpaka juu.

Wasichana walikuwa wanainuka. Nikapiga meza kwa kijiko, wakakaa.

"Sikilizeni. Kuanzia leo kila mmoja ataleta swali moja hapa mezani kwa baba yenu, la kulungu au la elki, kila siku ya Mungu. Na hakuna mtu wa kuinuka mpaka amejibu. Asiye na jipya alete la jana."